Kabla dodoso halijaenda uwandani: njia ipi ya kujaribu maswali inakamata makosa gani?

Kalamu_ya_Uwandani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Karibu kila ripoti ya utafiti wa kaya inayopita mikononi mwangu ina sentensi inayosema dodoso "lilifanyiwa majaribio kabla ya kutumika". Ukiuliza majaribio hayo yalifanywaje, mara nyingi utaambiwa hivi: wadodosaji walipelekwa kijiji ambacho hakimo kwenye sampuli, wakahoji kaya ishirini au thelathini, jioni wakakaa na msimamizi kueleza changamoto. Wakasema dodoso ni refu, miruko ya sehemu ya tatu (pale mtu anaporushwa maswali yasiyomhusu) haijakaa sawa, chaji ya tableti inaisha mapema. Hayo yakarekebishwa, kazi ikaanza.

Sidharau jaribio la namna hiyo. Bila hilo huwezi kujua mahojiano yanachukua dakika ngapi wala mdodosaji mmoja atamaliza kaya ngapi kwa siku. Ila linapima msafara tu, maswali yenyewe haliyagusi. Swali ambalo mhojiwa amelielewa vingine kabisa, akalijibu upesi na kwa uso mkunjufu, linapita salama. Mdodosaji hana cha kuripoti, maana kwake swali limekwenda vizuri. Makosa hayo ya kimyakimya ndiyo yanayoharibu takwimu kuliko yale yanayomfanya mhojiwa akune kichwa.

Chukueni kisa kinachojulikana sana kwa watu wa fani hii. Mwaka 1992 kampuni ya kura za maoni ya Roper huko Marekani iliuliza swali ambalo kwa Kiswahili lingekuwa: "Je, unaona inawezekana au haiwezekani kwamba mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi hayakutokea kamwe?" Asilimia 22 walijibu "inawezekana". Matokeo yalitangazwa 1993, wakati jumba la kumbukumbu ya mauaji hayo likifunguliwa Washington, na nchi nzima ikashtuka. Kumbe tatizo lilikuwa kwenye swali: mtu anayeamini yalitokea alilazimika kuchagua "haiwezekani", kanusho juu ya kanusho. Lilipoandikwa upya 1994, mtu akitakiwa aseme kama anaona inawezekana hayakutokea au ana hakika yalitokea, waliosema "inawezekana" walikuwa kama asilimia 1 tu. Wale wa mara ya kwanza walijibu wakasonga mbele kwenye swali linalofuata. Jaribio la kaya thelathini na kikao cha jioni lisingelikamata hilo.

Kwa hiyo tulinganishe njia zilizopo, kila mtu aseme anachokijua.

Kuna kuwapa wajuzi walisome dodoso kabla halijamfikia mhojiwa yeyote. Watatu au wanne, mmoja awe anaijua mada, mwingine anajua kuunda maswali, mwingine anaijua lugha ya wahojiwa hasa, na mmoja awe mtu atakayechambua data. Ni njia rahisi kuliko zote na tunaidharau bila sababu. Wapo wanaotumia orodha ya ukaguzi, kama ile iliyotengenezwa 1999 na Gordon Willis na Judith Lessler, ambapo kila swali linapitishwa kwenye vipengele: linasomeka? lina dhana mbili ndani yake? linadai kumbukumbu ambayo mtu hana? Kasoro yake ni kwamba inanusa matatizo kila mahali. Taasisi tatu za Marekani zilipoilinganisha na njia nyingine, orodha hii ilikuta kasoro karibu kwenye kila swali. Ukisikiliza kila kelele yake hutabaki na dodoso.

Halafu kuna mahojiano ya kupima uelewa, ambayo wasomi huyaita mahojiano ya utambuzi. Chimbuko lake ni semina ya 1983 kule St. Michaels, Maryland, ambapo wanasaikolojia na watu wa takwimu walikaa pamoja kujiuliza nini hutokea kichwani mwa mtu anapoulizwa swali. Roger Tourangeau akazipanga hatua nne mwaka uliofuata: kulielewa swali, kutafuta kumbukumbu, kupima na kukadiria, kisha kutoa jibu. Kila hatua ina namna yake ya kwenda kombo. Unakaa na mtu mmoja mmoja, unamuuliza swali la dodoso, kisha unachimba kujua jibu lake limepatikanaje.

Hapa nina msimamo. Vitabu vinakupa mitindo miwili: mhojiwa awaze kwa sauti mwenyewe, au wewe umchimbe kwa maswali. Kuwaza kwa sauti kunawafaa wanafunzi wa chuo. Ukimwambia mama wa makamo aliyetoka shambani "naomba uniambie kila kinachopita akilini mwako", atakutazama tu, na ana haki. Kwetu kuchimba kunafanya kazi vizuri zaidi, ila uchimbe kwa kitu mahususi. Usimuulize kamwe "umelielewa swali?" Utajibiwa ndiyo, kwa heshima, hata kama hakuambulia neno. Muulize: "Umeniambia mtoto alikwenda zahanati mara tatu. Hebu nitajie hizo mara tatu." Hapo ndipo utasikia mara moja ilikuwa kliniki ya kupima uzito, nyingine alikwenda bibi yake kumchukulia dawa na mtoto hakuwepo. Dodoso lako lilikuwa linataka matibabu ya ugonjwa. Umekwisha kujua swali limevunjika wapi, na huyo mama hajahisi anafanyiwa mtihani.

Ya tatu ni kurekodi mahojiano ya kawaida na kuweka alama kila mdodosaji anapobadilisha maneno au mhojiwa anapokwama. Ya nne ni kugawa sampuli, nusu waulizwe hivi na nusu waulizwe vile, kisha ulinganishe. Hizi nawaachia wenye uzoefu nazo zaidi yangu.

Mwaka 1994 watafiti Stanley Presser na Johnny Blair waliziweka njia nne kwenye mizani kwa dodoso moja: jaribio la kawaida, kuweka alama za mwenendo, mahojiano ya kupima uelewa, na jopo la wajuzi. Jopo liliibua matatizo mengi kuliko wote. Jaribio la kawaida na alama za mwenendo ndizo zilizokamata shida za mdodosaji. Shida zitakazomkuta mchambuzi wa data ziliibuliwa na jopo na mahojiano ya uelewa. Na ukirudia zoezi upya, alama za mwenendo ndizo zilizokubaliana zaidi na matokeo yao ya awali. Maana yake, ukichagua njia moja umechagua pia makosa ambayo hutayaona.

Karibuni.

---

Msomi_Mchanga

Shikamoo mkuu, uzi umekuja wakati wake. Mimi nasoma shahada ya uzamili, dodoso langu linahusu mikopo ya wafanyabiashara wadogo masokoni. Msimamizi wangu ameniambia nifanye pailoti ya watu thelathini, nipime uthabiti kwa ile alfa ya Cronbach, ikizidi 0.7 niendelee. Sina fedha ya kufanya zote ulizozitaja. Hiyo alfa haitoshi?

---

Hojaji_254

Salamu kutoka Nairobi. Asante sana kwa uzi huu, huku sisi husema hojaji badala ya dodoso lakini shida ni zile zile.

Nizungumzie alama za mwenendo kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Mbinu hii ilikuzwa na Charles Cannell na wenzake pale Chuo Kikuu cha Michigan kuanzia miaka ya 1960. Unasikiliza rekodi, na kwa kila swali unaandika mambo mawili. Upande wa mhoji: amesoma kama lilivyoandikwa, amebadilisha kidogo, au amebadilisha hadi maana imepotea? Upande wa mhojiwa: amekatiza kabla swali halijaisha, ameomba ufafanuzi, amejibu kwa kusitasita, ametoa jibu lisiloingia kwenye machaguo, amesema hajui, amekataa? Kisha unahesabu. Kanuni inayotumika sana ni kwamba swali likipata alama mbaya kwenye asilimia 15 au zaidi ya mahojiano, lirudishwe mezani.

Zamani ulihitaji kinasa sauti na kaseti za kubeba kwa gunia. Siku hizi programu za tableti kama SurveyCTO zinaweza kurekodi kipande cha sauti kwenye swali unalolichagua, mhoji akiendelea na kazi yake. Kwa hiyo jaribio lile la kaya thelathini ambalo mwanzisha uzi amelisema, unalifanya vile vile, ila jioni badala ya kuwauliza wahoji wanakumbuka nini, unasikiliza kilichotokea. Tofauti ni kubwa mno. Mhoji akikaa kikaoni hukumbuka nyumba iliyokuwa na mbwa mkali na mzee aliyemfukuza. Hakumbuki kwamba swali la 12 aliombwa alirudie kila nyumba, kwa sababu kulirudia kumekuwa mazoea.

Idhini ya kurekodi ni lazima iombwe waziwazi, ieleweke, na faili zitunzwe inavyopaswa. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania mna ya kwenu ya 2022. Mtu akikataa kurekodiwa, ahojiwe bila kurekodiwa.

Udhaifu wake: alama zinakuonyesha swali linalokwama, hazikuambii kwa nini limekwama. Na swali lililoeleweka vibaya kwa ufasaha, kama lile la Roper, linaweza kupata alama safi kabisa.

---

Takwimu_Kwanza

Nimesoma yote kwa makini. Naheshimu kazi ya uwandani lakini mimi ni mchumi, na nina shaka na haya mahojiano ya watu kumi. Ukikaa na watu kumi ukachimba, kila mmoja atakupa kitu. Utajuaje kwamba tatizo ulilolisikia kwa mama mmoja Kondoa lipo kwa asilimia 2 ya watu au asilimia 40? Blair na Frederick Conrad walifanya mahojiano 90 ya aina hiyo kwenye utafiti wao wa 2011, wakaona matatizo mapya yanaendelea kujitokeza kadiri idadi inavyoongezeka, na kwamba sampuli ndogo inaweza kuyakosa hata yale mazito. Wawili hao walionyesha pia kwamba kuchimba sana kunazalisha matatizo yasiyokuwepo: ukimsukuma mtu aeleze, atatafuta cha kueleza.

Mimi nasimama na jaribio la kugawa sampuli. Mfano wa kale kabisa ni wa Donald Rugg, 1941. Wamarekani walipoulizwa kama nchi yao iruhusu hotuba za hadharani dhidi ya demokrasia, asilimia 62 walisema isiruhusu. Wengine wakaulizwa kama izipige marufuku, asilimia 46 tu wakasema izipige marufuku. Hakuna mahojiano ya kuchimba yatakayokupa ukubwa wa pengo hilo.

Na tusiende mbali. Hapa hapa Tanzania Elena Bardasi, Kathleen Beegle, Andrew Dillon na Pieter Serneels walifanya jaribio la namna hiyo kuhusu maswali ya ajira, matokeo yakachapishwa 2011. Kaya ziligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi zikapata sehemu ndefu yenye maswali ya kuchuja, nyingine fupi isiyo nayo, baadhi ya watu wakajijibia wenyewe, wengine wakajibiwa na mwanakaya mwenzao. Kiwango cha ushiriki katika nguvu kazi kikatofautiana hadi pointi 10 za asilimia kati ya makundi manne. Sehemu fupi ilishusha ushiriki wa wanawake. Kujibiwa na mwingine kulishusha ushiriki wa wanaume na kuficha kazi zao za kilimo. Ni nchi ile ile na kipindi kile kile. Serikali inapanga sera kwa takwimu kama hizo.

---

Mlango_kwa_Mlango

Wakuu, mimi ndiye huyo mdodosaji mnayemjadili, naomba niseme ya kwetu.

Mwongozo unatuambia tusome swali neno kwa neno. Lakini swali lenye mistari minne, lililotafsiriwa ofisini na mtu ambaye hajawahi kulisoma kwa sauti, halisomeki mbele ya mtu aliyekaa kwenye kigoda anapepeta mchele. Ikifika siku ya tatu kila mdodosaji ana swali lake la mdomoni, fupi, linalokwenda. Ofisini wanaamini wameuliza swali moja, kumbe kuna maswali mengi kadiri ya wadodosaji. Hojaji_254 yuko sahihi kabisa, bila rekodi hilo halionekani, maana hakuna anayelihesabu kuwa changamoto ya kuripoti.

La pili ni lugha. Dodoso linajaribiwa kwa Kiswahili karibu na mji, kisha tunapangiwa vijiji vya ndani ambako bibi anazungumza Kisukuma au Kimakonde na Kiswahili anakisikia redioni. Hapo mdodosaji anatafsiri papo hapo, au anamwomba mjukuu atafsiri. Mliyoyajaribu siyo yanayoulizwa.

La tatu, saa. Mama akiniambia anaamka saa kumi na moja kwenda kuchota maji, mimi najua ni alfajiri. Tableti imepangwa kwa saa ishirini na nne. Mgeni wa kazi anaingiza 11:00 na kwenye data mama anaonekana ameamka karibu na adhuhuri. Hilo jopo la wajuzi wangeligundua kwa kusoma tu, kama mmoja wao angekuwa ametoka huku.

Na la mwisho: siku ya jaribio tunakwenda na msimamizi, gari la mradi, mwenyekiti wa kitongoji amekaa pembeni anasikiliza. Kazi yenyewe inapoanza, mdodosaji yuko peke yake na bodaboda. Majibu ya siku ile ya kwanza, hasa yanayohusu michango, misaada na uongozi wa kijiji, ni ya mwenyekiti kuliko ya mwenye nyumba.

---

Kalamu_ya_Uwandani

Mlango_kwa_Mlango, Mungu akubariki. Natamani kila anayeandaa dodoso asome hayo maneno yako kabla hajafungua kompyuta. Hilo la tafsiri ya papo hapo nalitilia mkazo: kama unajua wilaya fulani itahojiwa kwa lugha ya nyumbani, fanya angalau mahojiano machache ya kupima uelewa kwa lugha hiyo, na mkubaliane kwa maandishi namna ya kuyasema yale maneno makuu.

Takwimu_Kwanza, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, lakini angalia jaribio ulilolitaja linatupa nini. Linatuambia sehemu fupi na sehemu ndefu hazitoi namba moja. Halisemi peke yake kwa nini mwanamke amepotea kwenye ile fupi. Kaa naye umuulize, utasikia: "Sina kazi, nalima tu." Kwake kazi ni ya mshahara. Kulima, kuuza vitumbua asubuhi, kumsaidia mume dukani, hayo ni maisha. Maswali ya kuchuja yanamtajia shughuli moja moja, ndipo anapojitokeza. Jaribio linapima ukubwa wa pengo, mazungumzo yanaonyesha mzizi wake, na bila kuujua mzizi hujui uandike nini upya. Kugawa sampuli pia kunahitaji mamia ya watu na uwe tayari na matoleo mawili ya swali. Hayo matoleo umeyapata wapi?

Hoja yako ya kuchimba kupita kiasi naipokea bila ubishi. Ndiyo maana nasema chimba jibu alilolitoa, usichimbe maoni yake juu ya swali. Ukimuuliza mtu "swali hili lina tatizo gani?" umemwajiri kuwa mhakiki, na atakutafutia tatizo.

Ipo pia njia ya katikati ambayo sielewi kwa nini imesahaulika. Howard Schuman aliieleza 1966 kutokana na utafiti wa Pakistani ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh. Kila mdodosaji, ndani ya utafiti wenyewe, anapewa maswali machache yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu kwa kila mhojiwa. Mtu akishachagua jibu, anaulizwa kwa upole: "Una maana gani?" au "Hebu nipe mfano." Maelezo yanaandikwa kama yalivyosemwa. Baadaye mtu mwingine anasoma maelezo bila kuona jibu lililochaguliwa, anajaribu kulikisia. Asipoweza kukisia kwa watu wengi, swali halifanyi kazi. Utaona uzuri wake: sampuli ni ile ile ya utafiti, wadodosaji ni wale wale, gharama ni dakika chache kwa kila kaya, na sasa unaweza kusema tatizo limegusa sehemu gani ya watu. Linajibu hoja yako ya mama wa Kondoa. Kwa mazingira yetu naiona bora kuliko tunavyoipa nafasi.

Msomi_Mchanga, marahaba. Alfa inapima kama maswali yako yanakwenda pamoja, haipimi kama yanauliza unachodhani unauliza. Maswali kumi yaliyoeleweka vibaya kwa namna moja yatakupa alfa nzuri sana. Tena ni ya mizani ya mitazamo, haina kazi kwenye swali kama "ulikopa kiasi gani". Weka hapa maswali yako mawili matatu tuyaone.

---

Miwani_ya_Karibu

Nami nichangie mfano wa kutia moyo, maana tunataja yaliyoharibika tu.

Maswali mafupi sita kuhusu ulemavu ya Kundi la Washington, lililoanzishwa 2001 chini ya Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa, yalijaribiwa kwa mahojiano ya kupima uelewa katika nchi nyingi za mabara tofauti kabla ya kupendekezwa kwa sensa. Hayakuulizi kama una ulemavu. Yanauliza kama unapata ugumu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, na machaguo ni manne: sina ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, siwezi kabisa. Mzee mwenye mtoto wa jicho atakataa kabisa kuitwa mlemavu, lakini ugumu wa kuona atakueleza bila kinyongo.

Hata hivyo maneno "hata ukivaa miwani" yanahitaji uangalifu mahali ambapo watu hawana miwani. Wapo wanaodhani swali haliwahusu. Kwa hiyo hata swali lililopita majaribio ya kimataifa, likifika kwako lijaribu tena kwa watu wako. Jaribio la kwingine halihami na swali.

---

Msomi_Mchanga

Nashukuru wote. Maswali yangu makuu ni haya:

1. Katika miezi 12 iliyopita, umechukua mkopo wowote kwa ajili ya biashara yako?
2. Ulichukua mkopo huo kutoka taasisi gani?
3. Je, masharti ya mkopo na riba yalikuwa nafuu na yanaeleweka?

Jana nilifuata ushauri, nikakaa na wauza mboga wachache sokoni. Dada mmoja alijibu "hapana" swali la kwanza. Nikamuuliza wiki hii alipungukiwa mtaji alifanyaje. Akasema alichukua matenga mawili ya nyanya kwa tajiri wa lori, atamlipa akishauza. Mwezi uliopita alitoa fedha ya kikoba chao, na simu ilimwongezea salio alipokuwa anatuma pesa. Nilipomuuliza mbona amesema hajakopa, akasema: "Mkopo ni wa benki, ule wa kufuatwa nyumbani na kuchukuliwa makochi." Sijui sasa utafiti wangu unapima nini.

---

Kalamu_ya_Uwandani

Unapima mikopo ya taasisi, huku pendekezo lako linasema unataka kupima ukopaji wote. Na umeligundua kwa mazungumzo ya asubuhi moja, kabla hujahoji watu mia tatu. Hiyo ni kazi nzuri.

Swali la 1 livunje. Taja chanzo kimoja kimoja, kila kimoja ndiyo au hapana: bidhaa uliyochukua ukalipe baadaye, fedha ya kikoba au VICOBA, fedha iliyotoka kwa ndugu au rafiki, salio au fedha ya kukopeshwa na mtandao wa simu, mkopeshaji binafsi, SACCOS, benki, taasisi ya mikopo midogo. Neno "mkopo" usilitumie mpaka mwisho wa orodha. Swali la 2 litakuwa limejijibu. Miezi 12 ni mirefu mno kwa mali kauli ya nyanya inayochukuliwa kila wiki; kwa vyanzo hivyo tumia siku 7, vya benki viache mwaka.

Swali la 3 lina maswali matatu ndani yake: riba nafuu, masharti nafuu, na kueleweka. Anayeona riba kubwa lakini masharti yanaeleweka ajibu nini? Litenganishe.

Bajeti yako inaruhusu hivi. Wape watu watatu walisome toleo jipya, mmoja awe mtu wa kikoba ambaye si msomi. Kisha hoji kwa kuchimba watu wanane hivi: wauza mboga, mitumba, mama lishe, wanaume kwa wanawake, na wawili wasiojua kusoma vizuri. Rekebisha. Hoji wengine wanane kwa toleo lililorekebishwa, maana marekebisho nayo huleta makosa mapya. Ndipo ufanye ile pailoti ya thelathini ambayo msimamizi wako anaitaka, ukiwa umerekodi, na uweke alama kama alivyoeleza Hojaji_254. Kwenye utafiti wenyewe ongeza maswali mawili ya Schuman kwa kila mhojiwa.

---

Takwimu_Kwanza

Naongeza jambo moja kwa mdogo wetu. Kwenye pailoti hiyo, nusu ya watu wape swali lako la zamani la mkopo na nusu orodha mpya, kwa bahati nasibu. Watu thelathini ni wachache mno kwa hitimisho la kitakwimu na usiandike kana kwamba umethibitisha. Lakini kama pengo ni kubwa kama ninavyolitarajia, litaonekana kwa macho, na kamati yako ya utetezi itaelewa kwa nini umebadilisha swali. Ukiweza kuongeza idadi, fika hata mia moja kila upande.

---

Hojaji_254

Nami nitaitafsiri karatasi yangu ya alama niiweke hapa kesho jioni, ni ukurasa mmoja tu. Msomi, ukianza kusikiliza rekodi, sikiliza kwanza za mhoji mmoja zote, kisha uhamie kwa mwingine. Utatambua upesi maneno ambayo kila mmoja ameyabadilisha. Tena mtafute mwenzako mmoja asikilize sehemu ya rekodi hizo hizo na kuweka alama zake bila kuona zako. Mkipishana sana, kaeni mkubaliane maana ya kila alama kabla ya kuendelea na zilizobaki.